Chuma Kisicholika

Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli. Kinaning'inia kwa waya mnene kwenye tawi la mparachichi, urefu wake hatua moja ya mtu mzima, na shemasi hukipiga kwa bolti kubwa Ijumaa jua linapozama, kisha tena Sabato asubuhi. Mlio hushuka bondeni, hupita mashamba ya majani chai na migomba, hupanda ng'ambo ya mto hadi kwa watu wasio wa kanisa letu ambao wamezoea kupimia siku yao kwa kengele yetu.

Nyamira haina reli, wala Kisii. Treni iliyo karibu nasi hupita kule chini, Muhoroni na Kibos, ikienda Kisumu. Usiku usio na mawingu mtu akisimama juu ya kilima cha Manga huziona taa za mji huo kando ya ziwa. Reli mpya ya kutoka Naivasha imekuwa ikitajwa kwamba itapitia kaunti yetu, na ikija tutaipokea. Kwa sasa reli yetu ni hii ya mtini, nami niliijua kabla sijajua kusoma, kwa kuwa aliyeileta alikuwa baba yangu.

Kwetu baba huitwa tata; neno baba, kwa Ekegusii, ni la mama. Tata alikuwa mtu wa gengi. Aliishi kwenye landi za reli kule Koru na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, na shule zikifungwa alinichukua nikakae naye. Alfajiri alitoka na nyundo ya mpini mrefu, spana yenye urefu wa mkono, bendera mbili, nyekundu na kijani, na kifuko cha fataki za kutega relini kumwonya dereva kukiwa na hatari. Alitembea juu ya mataruma kuelekea Fort Ternan, akikaza nati zilizolegea na kugonga reli hapa na pale. Akishagonga alisimama kidogo, kichwa kimeinama, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Reli nzima hulia na mlio wake ukaenda. Reli yenye ufa hujibu mara moja, kisha kimya. Hilo ndilo somo la kwanza la metali nililopata, na baada ya miaka zaidi ya 20 ya kufundisha ufundi wa chuma katika chuo kimoja hapa Kisii, sijapata lililo bora kuliko hilo.

Kipande cha kengele alikinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu, wazee wa kanisa wakachanga kila mmoja alichokuwa nacho. Ubavuni kina herufi zilizoinuka, alama ya kiwanda na mwaka, lakini kutu imezila karibu zote. Kinachosomeka ni 80 tu, yaani ratili 80 kwa kila yadi.

Wakati wa masika mwaka juzi kengele ilibadilika sauti. Watoto ndio waliosema kwanza. Mlio ulikuwa mfupi na mkavu, kama wa sufuria iliyojaa ugali. Nilikishusha nikakipeleka karakana, nikakisugua kwa brashi ya waya, nikakigeuzageuza juani, nikakipaka ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa. Nje hapakuwa na kitu. Kichwa cha reli, pale magurudumu yalipopita miaka nenda miaka rudi, kilikuwa laini kama jiwe la mtoni. Basi nikaanza kukigonga kidogo kidogo kutoka ncha moja hadi ya pili, kama tata, mpaka nikapata mahali sauti ilipokuwa inakufa. Hapo nikakata kwa msumeno kutoka chini hadi nusu, nikakiegemeza, nikapiga nyundo mara mbili. Kikavunjika.

Uso wa mvunjiko ulikuwa na chembechembe zinazong'aa, kama sukari guru iliyokatwa. Isipokuwa ndani ya kichwa. Humo palikuwa na umbo la yai, laini, la rangi ya fedha, upana wake vidole gumba viwili, na katikati ya yai palikuwa na doa dogo kama punje ya wimbi. Ufa ulianzia kwenye punje ile ukakua pande zote, na hakuna mahali ulipokuwa umefika nje. Fedha ile ilikuwa haijawahi kuonja hewa.

Wiki hiyohiyo tulimzika binti wa mama mmoja wa kanisa letu. Miaka 4 kabla ya hapo alikuwa amemzika mumewe. Mhubiri alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na nia njema. Alisema Mungu ni mhunzi, kwamba ampendaye humtia katika tanuri ili atoke akiwa mgumu, na kwamba mama huyu sasa ni chuma cha pua. Watu wakasema amina. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, leso mapajani, macho makavu.

Siku tatu baadaye nilipita kwake. Alikuwa barazani akichambua chinsaga, peke yake.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe unafundisha chuma. Ni kweli moto huimarisha?"

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Ndivyo chuma kilivyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mboga. Mimi nikaenda zangu. Nilikuwa nimemdanganya, na ushahidi wa uongo wangu ulikuwa mezani karakana, umevunjika vipande viwili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu nililopaswa kumpa.

Moto wenyewe si jibu. Mwaka 1857, katika stesheni ya Derby huko Uingereza, kulikuwa na mahali ambapo reli za chuma zililika upesi mno hata ikabidi zibadilishwe kila miezi 6, na mara nyingine kila miezi 3. Hapo ikawekwa reli moja ya chuma cha pua iliyotokana na kazi ya Robert Mushet. Miaka 16 baadaye ilikuwa bado inapitiwa na treni. Zile za kwanza nazo zilikuwa zimepita motoni, tena mara nyingi, maana chuma cha kale kilipashwa na kufuliwa na kupashwa tena. Kama moto ungetosha, zisingelika. Tofauti ilikuwa katika kilichochanganywa. Mushet aligundua kwamba chuma cha Bessemer, kilichokuwa kinapasukapasuka, hutulia kikitiwa madini ya manganisi kidogo pamoja na kaboni ya kiasi.

Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba chuma safi kabisa ni laini. Katika kilo 1,000 za chuma cha reli, kaboni ni kilo 7 au 8 tu, na manganisi ni kama kilo 10. Ukiviondoa hivyo, treni italala. Nililelewa chini ya picha ya sanamu ile ya kitabu cha Danieli, kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma na nyayo za chuma na udongo. Ilitundikwa ukutani nyuma ya mimbari, na kila mkutano wa makambi mhubiri aliigusa kwa fimbo na kutuonya kwamba vitu visivyopatana havishikamani. Ni kweli, chuma na udongo havishikamani. Lakini niliendelea kwa miaka mingi nikidhani kwamba usafi ndio nguvu, na kwamba mtu wa Mungu ni yule asiyechanganyika na kitu. Chuma kilinifundisha vingine.

Kuna jambo ningependa kila mhubiri wa mazishi alione kwa hadubini. Mwingereza mmoja wa Sheffield, Henry Clifton Sorby, alianza miaka ya 1860 kung'arisha vipande vya chuma, kuvigusisha tindikali na kuvitazama kwa hadubini. Aliona mistari myembamba iliyopangana, ikimeta kama ndani ya chaza, na ndiyo maana muundo ule mpaka leo unaitwa kwa jina la lulu. Reli imejengwa kwa lulu hiyo. Ni tabaka la chuma laini, juu yake tabaka la mchanganyiko wa chuma na kaboni ulio mgumu sana, kisha laini, kisha mgumu, maelfu katika milimita moja. Kadiri tabaka zinavyokuwa nyembamba ndivyo reli inavyostahimili. Kazi kubwa ya wahandisi wa reli kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa kuzifanya nyembamba zaidi, kwa kuongeza kromiamu au vanadiamu kidogo, au kwa kupoza kichwa cha reli kwa hewa au maji kwa mwendo uliopimwa. Reli za kawaida husoma 260 kwenye kipimo cha Brinell. Zilizotibiwa kichwa hufika 350, hata 400. Lakini hakuna aliyefika huko kwa kuondoa ile sehemu laini. Reli yenye ugumu mtupu ingepasuka gurudumu la kwanza likipita. Kile tunachokiita uimara ni laini na gumu vilivyolala bega kwa bega.

Mama yule hakulia mazishini. Tulimsifu kwa hilo.

Sasa nirudi Koru. Kutoka hapo njia hupanda kwelikweli kuelekea Fort Ternan na Mau, na mvua ikinyesha magurudumu ya injini huteleza, yakazunguka mahali pamoja yakipiga kelele. Siku moja tata alinionyesha alama iliyobaki. Juu ya reli kulikuwa na doa jeupe la ukubwa wa jani la mwarobaini, liling'aa kuliko reli yote. Mimi nikasema pamekuwa pazuri. Tata akasema, "Hapo chuma kimeungua. Hapo ndipo kitavunjikia." Hakuwa na maneno ya kueleza zaidi. Ninayo mimi kwa sababu alinilipia karo. Gurudumu likiteleza, msuguano hupasha ngozi ya reli hadi mamia ya digrii kwa muda mfupi, kisha ubaridi wa reli iliyo chini unaunyonya moto ule mara moja. Lulu haina muda wa kujipanga. Kinachotokea ni ganda jeupe, gumu kuliko reli yenyewe na jepesi kuvunjika kama kigae, na ufa huanzia humo.

Basi chuma ni kilekile, na moto ni moto. Moto wa kiwandani ukazaa lulu. Moto wa mtelezo ukazaa kigae. Kilichotofautiana ni namna kilivyopoa. Hakuna anayemuuliza mfiwa anapoaje. Tunauliza tu kama moto umeshapita.

Ile punje ya wimbi katikati ya yai la fedha ina historia yake. Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, treni ya abiria iliacha njia na watu 29 wakafa. Reli ilikuwa imevunjika vipande vingi, na mhandisi James Howard alipovichunguza alikuta madoa yaleyale ya umbo la yai ndani ya kichwa cha reli, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Ilichukua miaka kujua chanzo chake. Ni haidrojeni. Hutoka kwenye unyevu wa malighafi na wa tanuri, huyeyuka ndani ya chuma cha moto kama chumvi ndani ya maji, na reli ikipoa haraka hunaswa ndani, ikajikusanya na kupasua vinyufa vidogo visivyoonekana. Dawa iliyopatikana miaka ya 1930 ilikuwa rahisi hata inatia soni kwamba ilichelewa. Reli zilizotoka kwenye mashine ya kuzipa umbo, zikiwa bado za moto, zilipangwa pamoja ndani ya sanduku kubwa, zikafunikwa, zikaachwa saa 10 na zaidi. Zilipashana joto zenyewe kwa zenyewe. Zikapoa polepole, na haidrojeni ikapata nafasi ya kutoka. Siku hizi viwanda huinyonya kabla, chuma kikiwa bado uji, lakini kwa miaka mingi sanduku lile ndilo lililookoa watu.

Zamani kwetu, msiba ukitokea, watu walilala kwa mfiwa. Wanawake walikaa naye usiku na mchana, wakipika, wakinyamaza, wakilia akilia. Siku hizi tunazika Alhamisi, na Ijumaa hema limeshakunjwa. Gari la viti huja kuchukua viti mama angali ameketi kwenye kimoja. Marafiki wa Ayubu tunawakumbuka kwa ubishi wao, lakini kabla ya kufungua midomo walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku pasipo neno. Naamini hizo siku 7 ndizo zilizokuwa huduma. Walipoanza kueleza maana ya moto ndipo walipoharibu.

Sisemi haya kwa kuichukia imani iliyonilea. Ninajua ilivyofika. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo sasa ni Kisumu, mnamo Desemba 1901, ikiwa na reli nyembamba za ratili 50 kwa yadi, karibu kilo 25 kwa mita, wakati ambapo reli nzito za leo ni kilo 60 na zaidi. Askari waliokuja kutupiga mwaka 1905 na tena 1908, baada ya Otenyo wa kwetu kumchoma ofisa wa kikoloni Northcote kwa mkuki, waliegemea njia hiyohiyo. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wakatoliki wakafungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista, waliotangulia Gendia mwaka 1906, wakafika Nyanchwa mwaka 1912. Mahubiri ya tanuri yaliwafikia watu ambao moto walikuwa wameuona kwa macho yao, na majivu hayajawa baridi. Wakayapokea. Bibi yangu aliyapokea, akaishi nayo vizuri, akafa akiimba. Siwezi kuyatupa kama ganda la ndizi.

Wala si watu wa kijijini tu wanaofikiri hivyo. Mwanafalsafa John Hick, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966 kuhusu uovu na Mungu wa upendo, alijenga hoja nzima kwamba dunia ngumu ni mahali pa kuzifua nafsi. Alikuwa mkweli kiasi cha kukiri kwamba mateso mengi hayafui chochote, yanaponda tu. Kukiri huko ndiko kunakonifanya nimheshimu.

Tena kipo chuma kimoja ambacho kingemtetea yule kijana wa mimbarini, na haki inanitaka nikitaje. Mwaka 1882 Robert Hadfield wa Sheffield alitengeneza chuma chenye manganisi asilimia 12 hadi 14, na akakuta kwamba kadiri unavyokipiga ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Ndicho kinachowekwa pale njia mbili za reli zinapokatana, mahali gurudumu linaporuka pengo na kugonga kama nyundo. Kikigongwa, ngozi yake hukaza, na ndani hubaki kinanyumbulika. Nimewajua watu wa chuma hicho. Bibi yangu alikuwa mmoja. Lakini chuma cha Hadfield hakikupewa sifa hiyo na nyundo. Kilikuwa nayo kabla nyundo haijainuliwa, na chuma kingine kikiwekwa pale pale, kwa nyundo ileile, hubondeka. Mhubiri akitazama wale waliosimama baada ya pigo na kuwashukuria mapigo, anahesabu waliobaki na kuwasahau waliolala.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni Hatfield, na si jina la mtu sasa bali la mji, kaskazini ya London. Oktoba 17, mwaka 2000, treni iliyokuwa ikienda kasi iliacha njia hapo kwenye kona na watu 4 wakafa. Reli chini yake ilisambaratika vipande zaidi ya 300. Ilikuwa na nyufa nyembamba kwenye kona ya kichwa, zilizotokana na uchovu wa chuma chini ya magurudumu. Na kuna siri ambayo wahandisi wa reli walijifunza kwa gharama kubwa. Reli laini ya zamani hulika. Kila gurudumu, likigusa mahali padogo kama sarafu ya shilingi huku limebeba tani kadhaa, huondoa vumbi kidogo la chuma, na vinyufa vya juu huondoka pamoja na vumbi hilo kabla havijazama. Reli ngumu hailiki. Ndiyo sifa yake, ndiyo sababu inanunuliwa ghali. Lakini kwa kuwa hailiki, ufa wake hauondoki. Hubaki, ukashuka ndani, na juu reli inang'aa kama siku ilipowekwa.

Kwa hiyo wanaotengeneza reli ngumu zaidi wamelazimika kuunda pia mashine za kuzisaga. Treni nzima yenye mawe ya kusagia hupita ikiondoa ngozi ya sehemu ndogo ya milimita, kwa makusudi, ili kufanya kazi ambayo ulaini ulikuwa ukiifanya bure. Na wakaguzi wameongezwa, na mitambo ya kusikiliza ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti, nyundo ya tata iliyosomeshwa. Chuma kikizidi ugumu, kinahitaji kutembelewa zaidi.

Sisi tunafanya kinyume. Anayelia tunamwendea. Anayelegea, anayelalamika, anayekuja nyumbani kwako saa tatu usiku kwa sababu hawezi kulala, huyo tunamwombea, tunampelekea unga, na machozi yake yanachukua ule ufa kila siku kidogo kidogo. Yule asiyelia tunampa jina la chuma cha pua na kumwacha. Mimi nilimwacha. Na jambo linaloniumiza zaidi kuhusu Hatfield ni hili: nyufa zile zilikuwa zimejulikana. Reli ya kubadilishia ilikuwa imepatikana tayari. Haikuwa imewekwa tu.

Malaki anamfananisha Mungu na msafishaji wa fedha, na kitenzi anachotumia kwa msafishaji huyo ni kuketi. Nimesoma fungu hilo mara nyingi nikiangalia moto. Sasa namwangalia aliyeketi. Mhunzi anayejua kazi haondoki kwenye tanuri akaenda kula. Na wale vijana watatu wa Babeli, simulizi halisemi moto uliwafanya wagumu. Linasema alionekana wa nne akitembea nao humo ndani. Ukiniuliza leo kama Mungu huleta moto, nitakwambia sioni hivyo, na kama nimekosea atanirekebisha. Ukiniuliza anafanya nini moto unapowaka, nitakwambia anatembea njia, hatua kwa hatua juu ya mataruma, akigonga na kusikiliza. Ndiyo sura ya pekee ya Mungu niliyonayo ambayo sikufundishwa na mtu kwa maneno.

Kengele tuliirudisha mtini ikiwa fupi, nimeikata kwenye ufa na kusawazisha ncha. Inalia juu zaidi kuliko zamani, kwa kuwa chuma kifupi huwa na sauti ya juu. Ng'ambo ya mto watu waliuliza kama tumenunua mpya.

Nami nikaanza kwenda kwa mama yule. Kila Jumapili ya pili, baada ya kukama. Mara za kwanza tulizungumza bei ya majani chai na mvua. Mara ya nne alinieleza kwamba usiku huamka saa tisa na kupanga vikombe kabatini, akavitoa, akavipanga tena. Sikusema kitu. Nilikaa mpaka jua likaegemea.

Mwezi uliopita aliniambia kwamba kengele imebadilika, naye anaisikia vizuri zaidi siku hizi. Nikamweleza kwamba imepunguzwa. Akanyamaza, kisha akauliza kipande kilichotolewa kiko wapi. Nikasema kiko karakana, na kwamba kwa kweli ni chake, maana kuna swali aliniuliza nikamjibu vibaya, na jibu liko humo.

Jumapili nilimpelekea, kimefungwa ndani ya gunia. Ni kizito, nilikiweka juu ya benchi la baraza, uso uliovunjika ukielekea ukutani. Akafuta mikono kwa leso. Akapitisha kidole gumba juu ya kichwa cha reli, polepole, mara mbili.

"Laini," akasema.

Kisha akakigeuza.